Kilichomo Ndani ya Kasha

Tangu nianze kuitumia kompyuta kwa kazi ya kutarjumu na kupanga kurasa za vitabu hapa Dar es Salaam, nimenunua mashine za namna nyingi, na kila niliponunua, swali nililokwenda nalo dukani lilikuwa jingine. Wala si kwa sababu mimi ni mtu wa kigeugeu, bali kwa sababu mfumo wa Linux, ambao ndio niliouridhia kwa kazi yangu, ulikuwa ukikua, na watengenezaji wa vifaa nao walikuwa wakibadili mwenendo wao juu yake. Hapo kwanza niliuliza kama modemu itaitika. Baadaye nikauliza kama waifai itashika. Kisha nikauliza ni nani aliyeitengeneza kadi ya picha. Na leo nauliza kama kifuniko cha chini chafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na kama kumbukumbu iliyomo yaweza kutolewa ikatiwa nyingine. Nataka kuyaandika mabadiliko hayo kwa taratibu yalivyonifikia, kwa kuwa vijana wanaonijia kutaka shauri hudhani kwamba mambo yalikuwa hivi tangu asili.

Chanzo cha mashaka yote kilikuwa hiki. Mwaka 1991 kijana Linus Torvalds, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, aliandika kiini cha mfumo mpya kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe, iliyokuwa na prosesa ya Intel 386 kama zilivyokuwa kompyuta nyingi za watu wa kawaida, na mwaka uliofuata akakitoa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kukisoma, kukibadili na kukigawa. Kwa hiyo Linux haikuzaliwa kiwandani, wala haikuwa na mkataba na kiwanda chochote. Lakini ndani ya kila kompyuta mna vifaa vingi vilivyotoka kwa watengenezaji mbalimbali, na kila kifaa kina amri zake, na ili mfumo useme na kifaa kikatii, hapana budi iwepo programu ndogo, ambayo mafundi huiita draiva, inayozijua amri hizo. Mtengenezaji aghalabu aliandika draiva ya Windows, akaitia katika sidii, akaona wajibu wake umekwisha. Na kama alikataa kuzieleza amri za kifaa chake, mwandishi wa Linux aliyetaka kuwasaidia wenzake hakuwa na njia ila kukisaili kifaa hicho kidogo kidogo, usiku hata asubuhi, akipeleka amri hii na kungoja jibu lile, mpaka siri ikabainika. Tafauti baina ya mtengenezaji aliyesema na mtengenezaji aliyenyamaza ndiyo iliyotawala ununuzi wangu wote, nami naamini mpaka leo kwamba ndiyo sifa ya kwanza ya kutazamwa katika chombo cha kazi, mbele ya kasi na mbele ya bei.

Mimi niliingia kwa mlango wa lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini zilizokuwa na menyu za Kiswahili, na kwa mtu aliyekula kwa kuandika Kiswahili ilikuwa furaha isiyo kifani kuyaona maneno ya lugha yake juu ya dirisha la kazi yake. Programu hizo zilitumika katika Windows pia, lakini jina la mradi wenyewe lilinielekeza kwenye Linux, na haukupita muda mrefu nikaagiza sidii za Linux iitwayo Ubuntu, ambazo kampuni ya Canonical, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, ilikuwa ikizipeleka bure kwa posta kwa kila aliyeomba. Zilinifikia katika sanduku langu la posta zikiwa katika jalada la karatasi ngumu, nami nikazichukua kwa shukrani ya mtu aliyepewa zawadi na mtu asiyemjua.

Wakati huo mtandao wa nyumbani ulipita katika waya wa simu, na kompyuta zilizouzwa madukani zilikuwa na modemu ndani yake. Nyingi za modemu hizo zilikuwa nusu ya modemu. Ili kupunguza gharama, watengenezaji waliiondoa akili yake, na kazi ya kugeuza milio ya simu kuwa maandishi wakaitwika prosesa kuu, iendeshwe na programu ya Windows. Ukiiondoa Windows, kilichosalia kilikuwa kibao chenye tundu la simu na hapana zaidi. Kompyuta yangu ya kwanza ya Linux ilikuwa na modemu ya namna hiyo. Tiba yake ilikuwa modemu ya nje, ile yenye safu ya taa nyekundu usoni, iliyochomekwa nyuma ya kompyuta katika tundu la pini tisa. Hiyo ilikuwa na akili yake kamili, nayo ilitii amri zinazoanza kwa herufi AT, ambazo kampuni ya Hayes ya Marekani ilizieneza kwa modemu yake ya mwaka 1981, na ambazo zilikwisha kuwa desturi ya ulimwengu mzima, hata modemu haikujali imeamrishwa na mfumo gani. Niliipata ya mkononi kwa mtu aliyekuwa akifunga ofisi yake. Ilikuwa nzito, na rangi yake ilikwisha kupauka, na ilinihudumia kwa uaminifu mpaka siku nilipoagana na waya wa simu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kifaa kikongwe kinachofuata kanuni iliyo bayana chaweza kuwa bora kwangu kuliko kipya kilichofungwa kwa siri.

Sidii za Ubuntu za mwaka 2006 zilikuwa na fadhila nyingine iliyobadili kabisa namna yangu ya kununua. Mjerumani Klaus Knopper alikwisha kuonyesha, kwa Knoppix yake, kwamba mfumo mzima waweza kuendeshwa kutoka katika sidii bila ya kuigusa diski ya kompyuta, na Ubuntu nao ukafuata njia hiyo: ukiwasha mashine kwa sidii, Linux husimama juu ya kumbukumbu ya muda, ukaona kwa macho yako kama sauti yasikika na kama skrini yakaa sawa, na ukizima, mashine hurudi ilivyokuwa. Nikawa naitia sidii katika mfuko wa shati na kuingia nayo madukani. Wenye maduka waliingiwa na hofu, na haki yao.

“Kaka, hiyo sidii yako haitaifuta Windows yangu?” aliniuliza kijana mmoja wa duka la Mtaa wa Samora.

“Haitaigusa, ndugu yangu. Simama hapa utazame pamoja nami. Ikiharibika, mimi ndiye mnunuzi.”

Alisimama, akaona, akastaajabu. Na baada ya hapo alikuwa akiniita mwenyewe kila alipopata mzigo mpya, ili azijue zipi za kumpa mtu kama mimi. Ndani ya mfumo huo mna amri ya lspci, ambayo huorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya kasha kwa majina ya waliovitengeneza, si kwa jina lililoandikwa kifunikoni, nami nilijizoeza kuisoma orodha hiyo kwa makini kabla ya kuuliza bei. Anayenunua jahazi hashughuliki na rangi ya tanga; huinama akazitazama mbao zinazokaa chini ya maji. Mashine mbili za jina moja, zilizoletwa katika kontena moja, ziliweza kuwa na kadi za waifai za watengenezaji wawili, na moja ikawa rafiki wa Linux na ya pili ikawa hasimu.

Waifai ndiyo iliyotutaabisha kuliko kitu kingine chochote katika miaka hiyo. Nilinunua kompyuta mpakato ya kampuni iliyosifika sana, nzuri kwa kila hali, ambayo kadi yake haikuwa na draiva ya Linux hata moja, na ikanilazimu kuichukua draiva iliyoandikwa kwa Windows na kuivika koti la programu iitwayo ndiswrapper ili Linux ikubali kuitumia. Kazi hiyo ilikuwa ya kuomba Mungu: leo yashika, kesho yakatika katikati ya kupeleka sura ya kitabu kwa mhariri. Lakini ni insafu kusema kwamba hali iligeuka, na iligeuka kwa sababu baadhi ya watengenezaji waliamua kusema. Intel walikuwa wameanza kuzitolea kadi zao draiva zilizo wazi tangu 2004. Atheros wakatoa yao mwaka 2008. Na Broadcom, ambao ukimya wao ulikuwa umewatesa waandishi wa Linux kwa miaka, wakatoa draiva iliyo wazi mwezi wa Septemba 2010. Kila moja ya tarehe hizo ilimaanisha kwangu kwamba sehemu fulani ya mzigo wa dukani, ambayo zamani niliipita bila ya kuigusa, sasa naweza kuinunua.

Ikaja enzi ya modemu ndogo za kuchomeka, ambazo kampuni za simu ziliuza pamoja na laini, na mbele ya Linux zilikuwa na tabia ya ajabu: ukiichomeka, hujionyesha kama sidii iliyobeba programu ya Windows, nayo hungoja programu hiyo iiamuru igeuke kuwa modemu. Kwa mtu wa Linux ilibaki sidii milele, mpaka ilipopatikana programu ya usb_modeswitch iliyojua kutoa amri ile ya kugeuka. Baada ya kugeuka, zilitii amri zilezile za AT za mwaka 1981, nami nikazisalimu kama nimekutana na jamaa wa zamani.

Katika kadi za picha sikupata taabu kubwa, kwa kuwa kazi yangu ni maandishi, na picha za Intel zilizomo ndani ya prosesa zilinitosha na draiva zake zilikuwa wazi. Wenye kazi za filamu na michezo ndio waliolia. Mwezi wa Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland, Torvalds mwenyewe alipoulizwa juu ya NVIDIA alikasirika hadharani kiasi cha kuielekezea kamera ishara isiyo ya adabu. Upande wa pili AMD, baada ya kuinunua ATI, walikuwa wamekwisha kuanza tangu mwaka 2007 kuchapisha maelezo ya kadi zao, na matunda yake yakaonekana mwaka 2015 ilipoingia draiva ya amdgpu ndani ya kiini cha Linux. NVIDIA walifungua sehemu ya draiva yao mwezi wa Mei 2022. Anayeniuliza leo juu ya kadi za picha namjibu kwa ufupi: ikiwa huna haja maalumu, chukua za Intel au za AMD, ukalale.

Hata hivyo uwazi huo haukuwa uwazi mkamilifu, na hapa pana jambo ambalo limenishughulisha dhamiri. Kadi nyingi za waifai na za picha zina programu yake ya ndani, ambayo mfumo huipakia kila mashine inapowashwa, na programu hiyo hubaki siri ya mtengenezaji hata pale draiva yenyewe ilipo wazi. Jumuiya ya Debian, ambayo ndiyo niliyohamia baada ya Ubuntu na ambayo mfumo wake ninao mpaka sasa, kwa miaka mingi ilikataa kuzitia programu hizo katika sidii zake rasmi, kwa kushika ahadi yake ya kutoa vitu huru pekee. Na tokeo lake ni kwamba mtu aliyetia Debian katika kompyuta mpakato mpya alijikuta hana waifai ya kumletea hicho kilichokosekana. Mwaka 2022 wanajumuiya walipiga kura, wakakubali zitiwe, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nazo. Nimelitafakari sana jambo hili. Msimamo wa kwanza ulikuwa na heshima yake, na mimi nilifaidika nao, kwa kuwa ulinifundisha kuuliza. Lakini nadhani waliamua vyema, maana mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza, asiye na waya wala rafiki mwenye maarifa, alikuwa akigeuzwa mlangoni kwa kosa la mtu mwingine.

Madhali modemu, waifai na picha zilikwisha kutulia, fikira zangu zikahamia katika jambo ambalo zamani sikulipa uzito, nalo ni uhai wa mashine yenyewe. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na wa mwaka 2011 ulinifunza thamani ya betri, na vumbi na joto la mji wetu vilinifunza thamani ya feni inayofikiwa kwa brashi. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa ThinkPad, mashine zilizoanzishwa na IBM mwaka 1992 na kupita mikononi mwa Lenovo mwaka 2005. Sizisifu kwa sura, kwa kuwa ni nyeusi na za pembe kali. Nazisifu kwa kitabu. Kwa kila mashine ya jamii hiyo mtengenezaji amechapisha kitabu cha matengenezo, ambacho mtu yeyote aweza kukipata bure, chenye michoro ya skrubu moja moja, urefu wake na mahali pake, na utaratibu wa kutoa kibodi, kioo, feni na betri. Na nilipokisoma kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni tabia ileile niliyokuwa nikiitafuta katika kadi za waifai, yaani mtengenezaji anayekubali kwamba aliyenunua kifaa amestahiki kujua kilivyo.

Hii ninayoiandikia ni ThinkPad T480, iliyotoka kiwandani mwaka 2018, nami niliipata Kariakoo ikiwa imekwisha kutumika ughaibuni. Ina nafasi mbili za kumbukumbu, ambazo nimezijaza mpaka gigabaiti 32. Ina diski inayotoka kwa skrubu moja. Na ina betri mbili, moja imelala ndani na moja huchomolewa kwa nje, na hiyo ya nje yaweza kubadilishwa kwa nyingine iliyojaa huku mashine ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa ile ya ndani huushika mzigo kwa dakika hizo. Umeme ukikatika asubuhi, mimi na betri zangu hatuna habari mpaka alasiri. Hata programu ya msingi iwashayo mashine, ambayo zamani aghalabu haikuweza kusasishwa bila ya Windows, sasa husasishwa ndani ya Linux, tangu Lenovo walipojiunga mwaka 2018 na hazina iliyoanzishwa na Richard Hughes kwa kazi hiyo.

Fundi wangu wa Mtaa wa Msimbazi, aliyeifungua mbele yangu siku ya kuongeza kumbukumbu, alinieleza kwa lugha ya kazi yake mambo ambayo vitabu huyaeleza kwa kurasa nyingi.

“Mzee wangu, hii hata mtoto wa shule anaifungua. Hizi nyembamba za siku hizi ndizo zinazotutoa jasho, maana ramu imechomelewa kwenye madabodi. Ramu ikifa, na madabodi imekufa.”

Maneno yake ni ya hakika, nayo ndiyo hofu yangu ya sasa. Linux leo inakubaliwa na wakubwa: Dell waliiuza XPS 13 ikiwa na Ubuntu tangu mwaka 2012, na Lenovo wakaanza kuuza baadhi ya ThinkPad zikiwa na Fedora, toleo jingine la Linux, mwaka 2020, mambo ambayo katika zama za modemu ya pini tisa nisingeyasadiki. Lakini wakati uleule ambapo watengenezaji wamefunguka katika draiva, wamejifunga katika kasha: betri ya nje imetoweka, na prosesa za Intel za mwaka 2024 ziitwazo Lunar Lake zimekuja na kumbukumbu imeunganishwa nazo, gigabaiti 16 au 32, wala hapana atakayeziongeza. Aidha usingizi wa mashine umebadilika. Ule wa zamani, ambao vyote huzimika isipokuwa kumbukumbu, unaondolewa katika mashine mpya, na badala yake pana usingizi mwepesi mfano wa ule wa simu, ambao kifaa kimoja tu kikikataa kupumzika, betri huisha ndani ya mkoba. Lenovo waliurudisha usingizi wa zamani katika X1 Carbon ya mwaka 2018 kwa chaguo walilolipa jina la Linux, baada ya watumiaji kulalamika, na nililiona jambo hilo kuwa la murua.

Mpwa wangu, ambaye naye ameingia katika kazi ya tafsiri, alinichukua juzi twende kumtafutia mashine, na roho yake ilikuwa juu ya moja nyembamba, mpya, yenye kioo cha kupendeza. Nikaiwasha kwa kijiti changu cha Debian, maana sidii zimekwisha zama zake. Waifai ikashika palepale, sauti ikasikika, picha ikakaa. Kamera ikawa giza.

“Mjomba, si imo lakini? Mbona kwenye Windows inaonyesha?”

Nikamweleza kwamba kamera za zamani huchomekwa ndani kwa njia ya yuesibii na hufuata kanuni moja ijulikanayo, hata kila mfumo huziona. Ilhali hizi za mashine nyingi nyembamba hupita katika kitengo cha picha kilichomo ndani ya prosesa, ambacho Intel wanakiita IPU6, na sehemu ya kwanza ya draiva yake iliingia katika kiini cha Linux mwaka 2024 tu, tena haitoshi peke yake kuleta picha. Yeye hufanya mikutano na wateja wake wa nje kila wiki. Akaiacha bila ya mimi kumshurutisha, tukavuka barabara kwenda kwenye maduka ya mtumba.

Huko tulikuta neema ambayo asili yake si Linux hata kidogo. Windows 11 haikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, ila chache mno, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 2025, kwa hiyo mashine nzima, zenye afya, zisizo na dosari yoyote ila umri wa prosesa, zinauzwa kwa bei ambayo mwanafunzi aweza kuimudu. Mpwa wangu alichukua ThinkPad ya kizazi cha saba, yenye betri mbili kama yangu, na kwa fedha iliyosalia akaongeza kumbukumbu na diski, tukapita kwa fundi zikatiwa palepale.

Fundi ndiye aliyenidokeza kwamba amesikia habari ya kumbukumbu mpya iitwayo LPCAMM2, bamba lembamba linalofungwa kwa skrubu, lenye kasi ya ile ya kuchomelewa lakini hutoka. Nilikuwa nimesoma kwamba Lenovo waliitia katika ThinkPad P1 ya mwaka 2024, nikamweleza niliyoyajua. Nimemwomba aniite siku mashine ya namna hiyo itakapomfikia mezani, hata kama imeletwa ikiwa imekufa, nije niione ilivyofungwa.